Jina la Mkwe kwenye Fomu ya Kufuli

Siku niliyostaafu mlinipa keki, kanga doti moja na kalamu. Keki tuliila siku hiyo hiyo, kanga ninazo, na kalamu nimeona niitumie kabla wino haujakauka. Dorcas, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu, ameniomba niandike mambo ya dawati letu kwa faida ya watakaoajiriwa baadaye. Hakuniambia kurasa ngapi. Hilo ni kosa lake la kwanza kama mkuu wa dawati, nami nimemsamehe. Vyeo sitavitaja, maana nilipanda kimoja tu na kilikuja na kiti kilichovunjika mguu. Mshahara pia siutaji, huo mnaujua.

Kwa asiyelijua dawati letu, kampuni yetu huendesha michezo ya kubashiri kwa simu. Mbele wapo vijana wanaowakaribisha wateja. Nyuma, ghorofa ya pili, juu ya duka la marumaru pale Bamburi, tupo sisi ambao kazi yetu ni kumsaidia mchezaji anayetaka kujizuia. Nilipomweleza marehemu mume wangu, alisema hajapata kusikia duka linalomwajiri mtu wa kumwambia mteja asinunue. Nikamwambia nami sijapata, ila wameniita Jumatatu.

Kabla ya hapo nilikuwa mpokea simu kwenye hoteli moja ya ufuoni. Miaka mingi nilisema “Karibu, nikuunganishe na nani?” mpaka hoteli ikapunguza watu na ile mitambo ya simu ikapelekwa stoo. Kijana aliyenihoji kwa kazi hii mpya hakutazama vyeti. Alinipa tangazo nilisome kwa sauti, akafumba macho, akasikiliza, akasema sauti yangu inafaa sana kuwakaribisha watu. Nilipofika Jumatatu mbele kumejaa, nikapelekwa nyuma kwa wanaoaga.

Najua mtaulizwa nyumbani kama kazi hii ni halali. Mimi niliulizwa na jirani, na wifi yangu, na muuza maziwa. Nikaenda kwa maalimu wetu wa Kisauni, mtu mpole asiyependa maneno mengi, nikamweleza yote. Akaniuliza, “Wewe wafungua akaunti au wafunga?” Nikamwambia nafunga. Akasema, “Basi funga.” Nilitoka pale moyo mweupe. Hilo la kufungua sikulifikiria, kwa sababu wakati huo halikuwa kazi yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Mutua, mtu wa Kitui aliyekuja Mombasa kutafuta kazi bandarini akaishia kwenye kompyuta. Alikuwa mfupi wa maneno, na chai yake ilikuwa haina sukari, jambo ambalo kwa mtu wa pwani ni la kutilia shaka. Siku ya kwanza aliketi kando yangu, akanivalisha vile vipokea sauti vya masikioni, akasema, “Mama, hapa hatutibu mtu. Hapa tunamwekea breki. Dereva ni yeye.”

Breki zenyewe zilikuwa nne na bado ni hizo. Ipo ya kikomo, ambapo mchezaji anachagua mwenyewe kiasi ambacho hataki kukipita kwa wiki, na mashine inamkatalia akifika hapo. Kipo kikumbusho, ule ujumbe unaotokea kwenye simu kumwambia kwamba amecheza saa nzima. Yapo mapumziko, akaunti inalala siku moja au juma. Na lipo kufuli, ambapo akaunti inafungwa miezi sita au mwaka na hata matangazo yetu hayamfikii. Bwana Mutua alikuwa na kanuni moja juu ya zote: kushuka ni papo hapo, kupanda ni kungoja. Anayetaka kikomo chake kipunguzwe, punguza akiwa bado kwenye simu. Anayetaka kiongezwe, mwambie arudi kesho saa kama hii. Wengi kesho yake hawarudi. Wachache hurudi na hasira, nao wanahudumiwa kama wengine.

Kikumbusho nilipewa nikiandike upya kwa Kiswahili, kwa kuwa kile cha mwanzo kiliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka. Nilikaa nacho siku tatu, nikapima kila neno. Wiki iliyofuata mzee mmoja wa Magongo alipiga simu kushukuru, nami nikavimba kichwa. Akaeleza kwamba kioo cha simu yake kimepasuka pale penye saa, kwa hiyo ujumbe wetu ndio unaomjulisha wakati, na je, hatuwezi kuutuma kila nusu saa?

Kosa langu la kwanza lilitokea Changamwe. Mteja aliomba kufuli la mwaka, nikamfungia kwa namba ya kitambulisho iliyokuwa kwenye akaunti. Siku ya pili nikapigiwa na mama mmoja. Alikuwa amepata ujumbe kwamba amejifungia kucheza kamari, na ujumbe huo umesomwa mbele ya kikundi chake cha kanisani. “Mimi nimeokoka,” aliniambia. “Hiyo kamari nilichezea wapi?” Kumbe laini aliyokuwa akiitumia mwanawe ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mama, na ujumbe wetu ulikwenda kwenye laini zote za kitambulisho hicho. Tulikuwa tumemfunga mama, na mwana alikuwa ameshafungua akaunti nyingine kwa kitambulisho chake mwenyewe. Bwana Mutua hakunigombeza. Alichukua karatasi yangu ya maswali, akaandika juu kabisa: “Laini ya nani?” Dorcas, swali hilo lisiondolewe hata fomu zikibadilishwa rangi.

Tatizo kubwa la kufuli lilikuwa kwamba mtu hujifunga Jumatatu asubuhi, na Ijumaa anataka kufunguliwa. Nimeambiwa sababu za kila namna. Nilikuwa na homa. Ni ndugu yangu alichukua simu. Nilibonyeza kwa bahati mbaya nikivuka feri. Mmoja wa Kisauni alinieleza kwamba siku ile alikuwa amefunga Ramadhani, na kwamba uamuzi wa mtu mwenye njaa hauhesabiwi. Nilimwambia swali hilo ni kubwa kuliko dawati letu.

Hapo ndipo Bwana Mutua alipobuni shahidi. Anayetaka kufuli la mwaka anataja mtu mmoja. Tunampigia mtu huyo siku ile ile, tunamweleza, tunamuuliza kama anakubali. Mchezaji akitaka kufunguliwa kabla ya muda, hatufungui mpaka shahidi aseme kwa sauti yake kwamba amekubali. Kwenye fomu kuna kisanduku cha kutia alama: shahidi amepigiwa, amekubali. Muda ukiisha wenyewe, mchezaji yuko huru, hahitaji shahidi wala mtu yeyote.

Mwanzoni mambo yalikwenda kombo, kwa sababu watu waliwataja marafiki. Seremala mmoja wa Likoni alimtaja mwenzake wa barazani. Nilipompigia yule rafiki kumuuliza kama seremala afunguliwe, alisema, “Mfungulie. Na mimi nifungulie.” Nilitazama kwenye kompyuta nikakuta ni kweli, naye alikuwa amejifunga, na shahidi wake alikuwa seremala.

Nikamwambia Bwana Mutua kwamba kwetu huku mtu hamwogopi rafiki. Mtu humwonea haya mkwe. Mwanamume akimwona mama mkwe anashusha sauti, anatengeneza kofia, na jambo ambalo angemwambia rafiki bila kufikiri, kwa mkwe halipiti mdomoni. Alinisikiliza, akakoroga chai yake isiyo na cha kukorogwa, akasema, “Hata kwetu. Mama ya bibi yako huwezi hata kukaa naye kiti kimoja.” Tangu siku hiyo tukawa tunawauliza watu kwa upole, “Una mkwe?” Wengine walikata simu hapo hapo. Waliobaki walikaa ndani ya kufuli lao vizuri kuliko wote waliotangulia, na sisi dawatini tukaliita kufuli la mkwe.

Sasa nieleze habari ya Kassim, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuandika.

Kassim alikuwa fundi wa friji, mtu wa Mtopanga, umri wa miaka thelathini na kitu. Hakupiga simu, alikuja mwenyewe, amebeba mfuko wake wa kazi, geji za kupimia gesi zinaning'inia. Alinisalimia, “Shikamoo, mama,” nikaitikia, akaketi ukingoni mwa kiti. Alikuwa akicheza ule mchezo wa kindege kinachopaa, ambao mtu anatakiwa atoke na pesa zake kabla hakijapotea. Aliniambia akibisha hodi kwa mteja, kabla mlango haujafunguliwa ameshacheza mara tatu. Mkewe, Rukia, alikuwa amemwambia kwamba akisikia tena habari ya mchezo ule atachukua watoto wao wawili arudi kwa mamake. “Na Rukia akisema jambo, mama, amesema,” aliniambia.

Nikamuuliza kama ana mkwe. Akacheka kidogo, kisha akaona sichezi.

“Nnaye. Bi. Mwanamkuu, Timbwani, huko Likoni. Nikimwona hata mbali, simu naitia mfukoni.”

“Basi huyo ndiye shahidi wako. Nipe namba nimpigie.”

“Muandike,” akasema. “Lakini usimpigie.”

“Utaratibu ni kumpigia.”

“Bi. Maimuna, nisitiri. Akijua yeye, Rukia atajua, na Rukia hatokaa. Mimi nikijua tu kwamba yumo kwenye fomu, yanitosha. Wallahi yanitosha.”

Mnaotoka bara mtauliza kwa nini nilikubali. Kwetu kumsitiri mtu ni jambo ambalo mtoto hufundishwa kabla hajajua kufunga viatu. Aibu ya mwenzio ukiiona, unaifunika, huiiti majirani. Nilimtazama yule kijana na mfuko wake wa geji, nikaona naombwa kitu ambacho mamangu asingekikataa. Nikaandika jina la Bi. Mwanamkuu na namba yake, nikatia alama kwenye kile kisanduku.

Jioni Bwana Mutua alipita akikagua fomu. “Huyu shahidi umempigia?”

“Amekubali,” nikasema.

Sikusema ni nani aliyekubali, naye hakuuliza. Sikuwa nimewahi kumdanganya kabla ya hapo. Niliona haya, lakini haya ya namna hiyo hupungua mtu akianza kufungasha vitu aende nyumbani.

Miezi minane ilipita, na kufuli la Kassim lilikuwa zuri kuliko yote niliyoyafunga. Mara kwa mara alipiga. Sauti inaanza mbali, hujambo, watoto hawajambo, kisha anafika: hivi, kama mtu anataka kufunguliwa wiki moja tu? Nami namjibu, “Haya, ngoja nimpigie Bi. Mwanamkuu.” Naye anasema, “Hapana, mama, nilikuwa nauliza tu.” Ilitokea hivyo mara tano. Kila mara nilitua simu nikajiona fundi. Niliwahi hata kumsimulia Dorcas, aliyekuwa mgeni wakati ule, kama mfano mzuri wa kazi.

Mara ya sita ilikuwa Jumanne asubuhi. Hakuuliza habari za watoto.

“Nataka kufunguliwa,” akasema.

“Ngoja nimpigie Bi. Mwanamkuu.”

“Mpigie.”

Nilidhani sikusikia. “Nimpigie?”

“Mpigie. Nimeshamwambia mwenyewe. Ajua, na amekubali. Mpigie umuulize.”

Nawaandikia nilivyofikiri wakati ule, bila kujipendelea, kwa sababu hapo ndipo penye somo na pengine popote ni maelezo tu. Nilijua huenda ni kweli na huenda ni uongo. Kama ni uongo, nikipiga, mimi ndiye nitakayemvunjia nyumba. Lakini hilo silo lililonizuia. Lililonizuia ni kwamba nikimpigia Bi. Mwanamkuu, la kwanza atakaloniuliza ni tangu lini jina lake liko kwetu. Ningelazimika kumwambia ni miezi minane, na kwamba kumeandikwa alikubali. Na Bwana Mutua ameketi meza ya pili, na simu zote hurekodiwa. Mkono wangu ulikuwa juu ya namba. Niliutoa pale, nikaupeleka penye kitufe cha kufungua.

“Nimekufungulia,” nikamwambia.

Hakushukuru. Alisema, “Hukumpigia,” kwa sauti ya mtu aliyeegemea ukuta akakuta ni pazia, kisha simu ikakatika. Baadaye alinieleza kwamba hakuwa amemwambia mkwewe lolote. Alitaka nimpigie. Alikuwa amechoka kujizuia peke yake, akaona afadhali yule mama ajue, iwe itakavyokuwa. Sikuielewa ile sauti siku hiyo. Niliendelea na simu nyingine, nikala chakula cha mchana, na nikumbukavyo nilikila chote.

Jumatano ya wiki iliyofuata, asubuhi, alipanda ngazi mama wa makamo, buibui safi, mkoba mweusi, anapumua kwa ngazi zetu. Alikuwa amevuka kutoka Likoni. Alisimama mbele ya meza yangu.

“Wewe ndiwe Maimuna?”

“Ndimi. Karibu uketi, bibi.”

“Mimi ni Mwanamkuu, mamake Rukia. Nimekuya kuona jina langu.”

Alieleza kwa kifupi, akiwa bado amesimama. Kassim alikuwa amecheza siku tano. Pampu, mitungi ya gesi, geji, vyote ameviuza, sasa ni fundi wa friji asiye na hata bisibisi. Rukia amekuja Timbwani na watoto na sanduku moja. Katika kugombana kwao Kassim alikuwa amesema kwamba huko Bamburi kuna fomu, na jina la mama limo. Rukia hakuamini. Mama mtu alitaka aone kwa macho yake.

Nikaigeuza kompyuta imwelekee. Alivaa miwani, akasoma polepole, akaweka kidole juu ya kioo.

“Hapa pameandikwa nimekubali.”

“Ndiyo.”

“Nilikubali lini?”

“Hukukubali. Sikukupigia.”

“Na alipotaka kufunguliwa?”

“Pia sikukupigia.”

“Kwani?”

“Mara ya kwanza nilitaka kumsitiri Kassim,” nikasema.

“Na mara ya pili?”

Bwana Mutua alikuwa ameacha kuandika. Nilimwona kwa pembe ya jicho. “Mara ya pili nilijisitiri mimi,” nikasema.

Aliketi hapo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya buibui, na alipoongea hakupandisha sauti, jambo ambalo nililiombea lakini halikunisaidia.

“Dada, mimi nimeoza binti wanne. Wakwe zangu wote wana adabu, alhamdulillahi. Waja, waniamkia, watoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitaka jambo. Huyu peke yake ndiye alonitaka. Alinitaka kazi ndogo, niseme la. Ningesema. Wewe hukunipa.”

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, na nilitamani agombe, au alie, ili nami nipate la kufanya. Bwana Mutua ndiye aliyekuja. Alisimama nyuma ya kiti changu akaitazama fomu kwenye kompyuta.

“Mama, toa hiyo alama,” akaniambia. Nikaitoa. “Kassim mwenyewe yuko wapi?”

“Yuko tini, mlango wa duka,” akasema Bi. Mwanamkuu. “Nimemwambia asipande mpaka nimwite.”

Aliitwa. Alipanda akasimama kando ya kabati la mafaili, uso umeelekea ukutani, kwa kuwa chumba ni kidogo na hapakuwa na mahali pengine pa kusimama ambapo asingemtazama mkwewe usoni. Aliomba kufuli la mwaka kwa sauti ambayo ilibidi nimwombe airudie. Laini ya nani? Yake. Kitambulisho cha nani? Chake. Shahidi nani? Akaanza, akaanza tena, kisha akalitaja jina la mama aliyeketi hatua mbili kutoka kwake, na hapo ndipo niliposikia jinsi ilivyo kazi kulitaja.

“Sasa mpigie,” akasema Bwana Mutua.

“Yuko hapa,” nikasema.

“Simu inarekodi. Kiti hakirekodi. Piga.”

Nikapiga. Simu iliita ndani ya mkoba mweusi. Bi. Mwanamkuu aliufungua, akatoa kitambaa, akatoa tasbihi, akatoa funguo, akaipata. Aliitia sikioni akanitazama.

“Salaam aleikum,” akasema.

“Aleikum salaam. Nazungumza na Bi. Mwanamkuu?”

“Ndiye.”

Nikamsomea yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwenye simu, tumekaa meza moja. Nani amejifunga, kwa muda gani, nini maana ya shahidi, nini haki yake ya kukataa kazi hii kama haitaki. Nikamuuliza kama anakubali.

“Nakubali,” akasema. “Na akitaka kufunguliwa, mnipigie. Hata niwe arusini, mnipigie.”

Walipoondoka nilimweleza Bwana Mutua yote, ikiwa ni pamoja na lile “amekubali” la jioni ya kwanza. Nilipata barua ya onyo, ambayo ninayo na ambayo iliandikwa kwa haki. Yeye mwenyewe hakunisema zaidi ya siku moja. Ila aliubadilisha utaratibu: tangu hapo kisanduku hakitiwi alama mpaka iandikwe namba ya rekodi ya ile simu. Mnaolalamika kwamba hatua hiyo inachelewesha kazi, sasa mnajua imetoka wapi.

Bi. Mwanamkuu naye alitoa lake. Rukia atabaki Timbwani mwaka mzima wa kufuli. Mwaka ukiisha, siku ambayo Kassim ana ruhusa ya kufungua bila kumuuliza mtu, ndiyo siku itakayotazamwa. Akifungua, Rukia harudi. Sikulisikia hilo kwa umbeya. Alinipigia mwenyewe kunieleza, nadhani ili nijue kwamba yeye huwapigia watu.

Kassim aliajiriwa na fundi mwenzake, akawa anatumia vifaa vya watu. Wiki ya tatu alipiga kuomba kufunguliwa. Nikamwambia angoje, nikampigia shahidi.

“La,” akasema Bi. Mwanamkuu.

“Nimwambie lolote?”

“Mwambie nimesema la. Na mwambie nimeulizwa.”

Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, “Haya, mama. Ahsante.” Baada ya hapo alipiga mara moja tena, karibu na Idi, nikapiga, akasema la. Halafu hakupiga tena. Kila Ijumaa alikwenda Timbwani kuwaona watoto, na alisimama uani.

Mwaka uliisha siku ya Alhamisi. Niliijua siku hiyo tangu mbali, na niliingia kazini mapema, jambo lililomshangaza askari wa mlangoni. Saa tatu Kassim akapiga.

Nilimsomea kama inavyotakiwa. “Muda wako wa kufuli umekwisha leo. Huhitaji shahidi. Akaunti yako naweza kuifungua sasa hivi, au ukipenda naweza kufunga tena. Wataka nini?”

Nilisikia nyuma yake friji ya mtu ikinguruma.

“Mama bado yumo kwenye fomu?”

“Yumo kwenye ile ya zamani. Nayo imekwisha.”

“Basi andika nyengine. Mwaka. Na umpigie, umuulize kama bado akubali. Ameshachoka pengine.”

Nikampigia. Iliita sana, kisha ikapokelewa na sauti changa.

“Mama atawadha. Mimi ni Rukia. Ni nyinyi wa Bamburi?”

“Ni sisi.”

“Leo ndiyo siku yake,” akasema. “Amefungua?”

Siruhusiwi kumweleza mtu habari za akaunti ya mwingine, hata mkewe, na mwaka ule nilikuwa nimejifunza utaratibu ni kitu gani. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia, kwa kuwa hilo limeandikwa wazi kwa kila mtu, kwamba anayefungua baada ya muda hana haja ya shahidi, na kwamba mimi nimepiga kumtafuta shahidi.

Nikamsikia ameondoa simu sikioni, anaita kuelekea ndani ya nyumba: “Mama, njoo upesi. Waulizwa.”